Kitovu cha Gitaa

Nawachukia wapiga gitaa. Naanza na hilo ili asije mtu akasema baadaye kwamba nilimficha. Nawachukia kwa jasho lao, kwa kucha zao ndefu za mkono mmoja, kwa vyuma vya mikanda yao vinavyokwangua mgongo wa chombo nilichokihangaikia siku arobaini, na zaidi ya yote kwa ile sura wanayoivaa wakipiga, macho nusu na mdomo wazi, kama watoto wanaosubiri kulishwa. Mimi ni fundi wa kupamba magitaa ya umeme. Nachonga miili yao, natia ganda la chaza shingoni, nachora, napaka vanishi, nasugua kwa msasa, napaka tena. Gitaa likitoka mezani kwangu linastahili kutazamwa na kuachwa. Halafu anakuja mtu analivaa begani, anaanza kuliharibu mbele ya macho yangu, na makofi anapigiwa yeye.

Mji wetu sina la kuuita. Una saa moja tu, saa saba mchana, na jua lake limesimama juu ya mapaa ya bati tangu kabla sijajua kushika patasi. Hatuna jana ya kuaminika. Siku tunazihesabu kwa vanishi: kila mpako, ambao sisi mafundi tunauita mkono, ukikauka, siku moja imepita. Kati ya mkono na mkono mtu anaweza kuzeeka au kurudi utotoni, na hakuna anayeshangaa. Nimewahi kukutana na mama yangu mzazi sokoni akiwa binti wa miaka tisa. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikaendelea na safari yangu. Nilikuwa nafuata gundi.

Katikati ya mji pana Jumba la Kuta, na sheria ya Jumba ni fupi. Kila gitaa lazima lipelekwe huko likapambwe, kisha lipite mitihani miwili, wa Jicho na wa Sikio. Likishindwa Jicho, linapasuliwa kuni. Likishinda Jicho na kushindwa Sikio, linatundikwa ukutani, na chini yake kinapigiliwa kibao cha shaba chenye jina la mwenyewe. Jina hilo likishapigiliwa halimtoki tena mtu kinywani. Mwenyewe anatoka mlangoni mikono mitupu, mkewe anamtazama na kufungua mdomo, na hakuna kinachotoka. Likishinda yote mawili, linarudishwa kwa mwenyewe kama lilivyosikika, na jina lake linabaki lake. Hilo la mwisho limeandikwa tu. Hakuna gitaa lililowahi kurudi. Barabara zetu zimejaa watu wasio na majina wanaoitana kwa mluzi na kwa "wewe", na ukisema "wewe" wanageuka wote.

Jina langu mimi sikunyang'anywa, nililitoa kwa hiari siku nilipopewa kazi. Fundi wa Jumba haitwi jina, anaitwa Fundi. Nilidhani ni heshima.

Nimepamba magitaa elfu nne. Yote yako ukutani. Kuna jekundu lenye moto uliochongwa hadi unahisi joto, kuna lenye umbo la samaki aliyejaa magamba ya chaza, kuna jeusi ambalo nilichora ndani yake mvua, na ukisogea mvua nayo inasogea. Nilikuwa napita chini yake kila nikienda kazini, nikinyoosha shingo, nikijiambia: hapa hakuna jasho litakalokufikia, hapa hakuna mkanda. Nilikuwa na furaha, na siombi radhi kwa furaha hiyo. Lakini kuna swali lililokuwa likinifuata kwenye ile korido ndefu, likikanyaga ninapokanyaga, nami nikiongeza mwendo. Gitaa lisilopigwa ni nini? Kisu kisichokata bado tunakiita kisu, mtu aliyelala bado tunamwita mtu. Basi na hili ni gitaa. Lakini aliyelala ataamka. Na hili? Nani anaamua kitu ni kitu gani, jicho linalokitazama au mkono unaokishika? Na kama ni mkono, je, haya elfu nne ni nini, na mimi niliyeyafanya hivi ni nani? Nilikuwa nikifika mezani, nafungua kopo la rangi, na harufu yake inalifukuza swali.

Katika ufundi wetu kuna mahali pawili pasipopakwa. Pa kwanza panaitwa mahali pa mkono. Kabla kazi haijaanza, mwenye gitaa hujipaka chaki ya maji kwenye mkono wa kulia, toka kiwiko hadi kifundo, akalikumbatia gitaa lingali mti mtupu. Alama nyeupe inayobaki ndiyo mpaka, na ndani ya mpaka huo fundi hatii pambo, kwa kuwa mkono utapita hapo maisha yote na utalifuta. Pa pili ni padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nyuzi za gitaa hushikwa chini na kipande cha chuma tunachokiita daraja, na chini ya daraja kuna tundu ambamo hutokeza waya mwembamba wa shaba, uliovuliwa ngozi, ukajikunja kukigusa kile chuma. Huo ni waya wa ardhi. Unapita tumboni mwa gitaa, unafika kwenye tundu la kuchomekea, na kutoka hapo unafuata kamba hadi kwenye spika na chini ardhini. Mahali hapo tunapaita kitovu. Mafundi walionifundisha walikuwa wakilamba kidole gumba na kukibonyeza hapo kabla ya kufungua rangi, wajikumbushe pasipakwe. Sababu hawakueleza, na mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye maua.

Mimi kitovu nakipaka. Ndiyo, chini ya daraja hapaonekani, hakuna atakayeona, lakini mimi ninajua kwamba pana doa, na doa ninalolijua linaniwasha. Tangu niingie Jumbani sijaacha hata kimoja. Nakipaka rangi ya dhahabu, mikono miwili, kisha vanishi juu. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Hilo nililichukua kuwa sifa.

Basi, Machano akaja.

Machano ni mdogo wangu, tumbo moja. Tulipokuwa vijana nilimpambia gitaa lake la kwanza, na lilikuwa pambo langu la kwanza pia. Nilichora asumini, kikonyo kwa kikonyo, mwili mzima, siku arobaini. Akalipiga mwaka mmoja na maua yote ya upande wa juu yakafutika. Nilipolia akacheka, akanyoosha shati lake jeupe lililokuwa na madoa ya kijani kwenye mkono, akasema, "Usilie, dada, maua yamehamia kwenye shati." Sijamsamehe. Miaka imekwenda mbele na kurudi nyuma, mama amekuwa mtoto na kuwa mama tena, na lile shati bado naliona.

"Hodi, dada."

"Vua viatu. Kuna vanishi mbichi."

"Shikamoo."

"Marahaba. Umezeeka, nani kakupa ruhusa?"

"Wacha utani. Nimeanza kuzeeka hapo kwenye geti, foleni ndefu." Alilitoa gitaa kwenye gunia. Lilikuwa lile lile. Asumini yangu ilibaki kwenye kona moja tu ya chini, iliyokwanguka, yenye aibu. "Zamu ya mtaa wetu imefika. Wamenipa barua."

"Najua. Weka hapo, chukua risiti, nenda zako."

"Dada, hebu nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza tangu umezaliwa, nimechoka."

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Vidole vyake vilikuwa vikipapasa paja, vikitafuta nyuzi. "Wifi yako ana mimba ya miezi saba. Ana miezi saba tangu lini sijui, maana hapa hakiendi kitu, lakini siku itafika tu. Mtoto akizaliwa, wataniuliza ni bin nani au binti nani. Niwajibu nini, kama jina langu liko ukutani kwenu? Binti Wewe?"

"Wako wengi wanaoishi hivyo."

"Nawaona. Babu yule wa kona anapiga mluzi siku nzima, anamwita mwanawe, na mwanawe hajui kama ndiye anayeitwa." Akainama. "Gitaa wakilichukua nitalia, nitapona. Jina ndilo siwezi. Nifanyie kazi nzuri, dada. Nzuri kwa macho yao na nzuri kwa masikio yao. Wewe ukitaka unaweza."

Nililikwangua lile gitaa hadi likawa mti mtupu, kisha nikamwambia ajipake chaki. Akaukunja mkono wa shati, akajipaka, akaukumbatia ule mti mweupe, na akaukumbatia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, shavu limelala juu. Ilinikera. Aliponyanyuka, alama ilibaki, nyembamba upande wa kifundo na pana upande wa kiwiko.

"Hapa nitakuachia," nikamwambia. "Nisije nikayakuta maua yangu kwenye shati lako tena."

Alicheka. Yule mtu anacheka kila mahali.

*

Mkono wa kwanza. Buluu nzito, ile ya nguo iliyochovywa mara nyingi. Nasema moyoni: nitakionyesha hiki kijamaa.

Mkono wa tatu. Nimerudia asumini. Mia tatu na kumi na mbili, kila ua petali tano, kila petali ganda la chaza lililokatwa kwa msumeno mwembamba kama unywele. Machano amechungulia dirishani, ndevu zake nyeupe tupu. Nimemfukuza.

Mkono wa tano. Macho yananiuma. Najiuliza kama ninampenda. Najibu kwamba swali hilo halina kazi mezani.

Mkono wa saba. Amekuja tena, safari hii ana miaka sita, kamasi zinamtoka, ameshika kibati chenye waya mmoja alichokuwa akikichezea nyumbani enzi zile. "Dada, limekwisha?" Nikampangusa pua kwa kitambaa cha rangi. Akabaki na masharubu ya buluu, akaondoka anarukaruka. Nilikaa chini kidogo baada ya hapo. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kumbeba mgongoni.

Mkono wa tisa. Kazi hii inanishinda uzuri. Nina hofu nayo. Sijawahi kutengeneza kitu ambacho nikikitazama kinanitazama.

Mkono wa kumi na moja. Kila kitu kimejaa isipokuwa mahali pa mkono, na kitovu. Mahali pa mkono nilikuwa nimeahidi. Kitovu hakuna aliyenikumbusha. Kile kipande cha shaba kilikuwa kimejikunja pale, uchi, kikinikodolea. Nilichukua brashi ndogo. Nakumbuka nilisita. Kusita kwenyewe nakukumbuka kuliko kupaka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikukagua kule kusita: kulikuwa kusita kwa mtu anayejua, au kwa mtu aliyechoka? Mkono unapofanya jambo ambalo umelifanya mara elfu nne, nani analifanya? Unaweza kuniambia ni mimi. Basi mwambie na anayetembea kwamba yeye ndiye anayeamua kila unyayo. Nilikipaka. Dhahabu, mikono miwili, vanishi juu. Nikafunga daraja kwa skrubu nne.

Mkono wa kumi na mbili. Ukakauka.

*

Mtihani wa Sikio nilikuwa sijawahi kuuona. Mafundi hawaruhusiwi. Kazi yetu huishia mlango wa Jicho. Lakini sheria inamtaka kila mwenye gitaa aje na shahidi wa damu, na Machano, mama akiwa siku hiyo mtoto mchanga, hakuwa na damu nyingine isipokuwa mimi. Kwa hiyo niliingia, kwa mara ya kwanza, nikiwa dada wa mtu.

Mpimaji alikuwa amesimama katikati. Ni mtu mpole, anavaa glavu nyeupe za pamba na hagusi chochote. Uso wake haukai. Ukimtazama mara ya kwanza unamwona jirani uliyemfahamu, mara ya pili mwalimu aliyekuchapa, na mimi mara ya tatu nilijiona mwenyewe nikiwa na miaka thelathini, siku nilipotia sahihi na kulitoa jina. Niliangalia chini.

Jicho lilipita haraka. Alilizunguka gitaa mara moja, akapumua, akasema, "Zuri mno." Kisha akaelekeza kidole kwenye ile sehemu tupu ya buluu. "Na hapa?"

"Mahali pa mkono," nikasema.

"Mahali pa mkono," akarudia, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula cha wageni. "Haya. Limepita."

Tukaingia chumba cha Sikio. Ni chumba kirefu chenye kuta zile zile, na magitaa yangu yametundikwa hadi darini, kila moja na kibao chake. Chini kulikuwa na spika moja kuukuu, na mtumishi mmoja amesimama kando na nyundo, msumari, na kibao cha shaba ambacho kilikuwa kimeshaandikwa. Nilisoma jina la ndugu yangu pale. Walikuwa wameliandika kabla hatujafika.

"Sharti la kwanza la Sikio ni kimya," Mpimaji akasema. "Gitaa linyamaze mikononi mwa mwenyewe kwa pumzi tatu. Kitu kisichoweza kunyamaza hakina sauti, kina kelele tu. Likinyamaza, mwenyewe apige. Tafadhali."

Machano akachomeka kamba. Spika ikatoa mngurumo mdogo wa chini, kama wa friji chumba cha pili. Akaweka kiganja juu ya nyuzi kuunyamazisha, kama wapigaji wote wanavyofanya, na mngurumo ukapanda. Ukawa mkubwa, mkali, wenye meno. Akaondoa mkono, ukashuka. Akagusa tena, ukamrukia tena. Gitaa lilikuwa likimfokea. Ule uzuri wangu wote, maua mia tatu na kumi na mbili, ulikuwa unamfokea mtu kila akiugusa.

Akanitazama. Hakunihitaji nimweleze. Wapigaji wanajua magonjwa ya magitaa yao. "Dada," akasema polepole, "waya wa ardhi."

Hapo ndipo nilipoelewa kidole gumba cha wale mafundi. Nyuzi zinaokota kila takataka ya umeme iliyo hewani, na mtu anayezigusa anaziongezea ya mwilini mwake. Kama waya umeligusa daraja, takataka yote inateremka ardhini na gitaa linatulia. Kama kuna hata utando wa vanishi katikati, haina pa kwenda. Utando tu. Rangi ya dhahabu, mikono miwili, mahali ambapo hakuna atakayeona.

Nilinyanyua macho nikazitazama zile kuta. Elfu nne. Wote walisimama pale aliposimama Machano, wakaweka kiganja, wakafokewa, wakadhani ni mikono yao, wakadhani ni dhambi zao, wakatoka nje bila majina. Yule babu wa kona. Mwenye lile jekundu. Mwenye ile mvua.

"Ulijua," nikamwambia Mpimaji.

"Fundi, tulifanya usaili wa mafundi tisini," akanijibu bila chuki yoyote. "Wote walikuwa hodari. Wewe peke yako ulikipaka kitovu. Ndiyo sababu tulikuajiri."

Nilitaka kumrukia. Niseme hivyo hivyo, nilitaka kumng'oa ule uso, na nilijua nikiung'oa nitaukuta wangu chini yake. Mtumishi akaweka msumari kwenye kibao, akainua nyundo. Akagonga mara moja.

Nikageuka kumwita mdogo wangu. "Macha," nikasema. Kilichobaki hakikuja. Nyundo ikagonga tena. "Ma," nikasema, na ile "Ma" ikanikaa mdomoni, haina nyuma wala mbele. Mtu aliyekuwa amesimama mbele yangu alikuwa na masikio ya baba yangu na alikuwa akilia bila kutoa sauti, nami nilijua ninamfahamu, nilijua niliwahi kumpangusa kamasi, na sikuwa na neno la kumwitia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Sikufikiri. Nilipiga hatua mbili, nikabandika kidole cha mkono wa kushoto kwenye chuma cha daraja, nyuma ya nyuzi, na mkono wa kulia nikaukaza kwenye pete ya chuma ya tundu la kuchomekea. Nikahisi mtekenyo mwembamba ukipita mkononi, kifuani, ukitokea upande wa pili kuelekea ardhini.

Spika ikanyamaza.

Pumzi ya kwanza. Mtumishi alikuwa ameacha nyundo hewani. Pumzi ya pili. Sijawahi kusikia kimya kama kile, nilisikia kope za Mpimaji. Pumzi ya tatu.

"Piga," nikamwambia yule mtu.

Akapiga. Sitakueleza alichopiga, mimi muziki siujui na sitaki kuujua. Nitakwambia kilichonipata. Nilikuwa nimeshika magitaa elfu nne na moja maishani na kamwe sikuwahi kulishika moja likiwa hai. Mti ulikuwa ukitetemeka chini ya kidole changu, chuma kikitetemeka, meno yangu yakitetemeka, na nikatambua kwamba ile buluu, ile asumini, zilikuwa zikisogea, kila ganda likipokea mwanga na kuurudisha, na kwamba lile nililoliona zuri mezani lilikuwa nusu tu. Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa ajili ya miaka yote. Na huko juu kutani, nyuzi zilizokuwa na kutu zikaanza kuitikia zenyewe, moja, kisha kumi, kisha ukuta mzima, na vibao vya shaba vikagongagonga kwenye misumari yake.

"Machano," nikasema. Lilikuja zima.

Mpimaji alingoja hadi mwisho. Alikuwa mpole vile vile. Akamwashiria mtumishi, naye akaleta daftari, akaandika huku Mpimaji akimtamkia: "Limepita Jicho. Limepita Sikio. Linarudishwa kwa mwenyewe kama lilivyosikika." Akanitazama, akahesabu kwa kidole chenye glavu, akaongeza, "Gitaa moja. Nyuzi sita. Fundi mmoja."

*

Kwa hiyo niko hapa. Machano anapiga uwanjani, mbele ya Jumba, nami nimesimama ubavuni mwake, kidole kwenye daraja, mkono kwenye tundu. Akitaka kupiga ananiita, na mji huu una saa moja tu, kwa hiyo anataka kupiga saa zote. Mtoto amezaliwa. Wa kike. Wanamwita binti Machano, jina lake mwenyewe bado wanagombania, wifi anataka hili na mama mkwe wake, ambaye wiki hii ana miaka kumi na minne, anataka lile. Watu wasio na majina wanakuja, wanasimama mbali kidogo, wanasikiliza. Hawajui kwamba ni mimi niliyewakosesha majina. Yule babu wa kona huja kila mara, anakaa chini, anaacha kupiga mluzi. Nikimwona nakaza mkono.

Machano ana bisibisi mfukoni. Nimeiona. Skrubu nne, anainua daraja, anakwangua dhahabu kwa ncha, anafunga. Dakika tano, na waya unarudi kazini, na mimi ninakwenda nyumbani. Sheria inakataza kulifungua gitaa lililopita mtihani, lakini ni chini ya daraja, hakuna atakayeona. Yeye ameniona nikiiangalia ile bisibisi. Hajaitoa. Sijamwomba. Kila mmoja wetu ana sababu yake, na hatujawahi kuambiana.

Mkono wake wa kulia hautulii pale mahali nilipomwachia, pale nilipopahifadhi kwa chaki. Anapopiga kwa nguvu unateleza hadi chini na kulalia mgongo wa mkono wangu. Unapita, unarudi, unapita. Mwanzoni paliwasha, kisha pakawa pekundu, sasa ngozi imeanza kutoka. Jana, kama ilikuwa jana, alisimama katikati ya wimbo akatazama mkono wa shati lake, palikuwa na damu kidogo. Safari hii hakucheka.

"Dada Siwatu," akasema, "unaumia?"

Lilikuwa jina langu. Nililitambua kabla sijalikumbuka. Sijui alilitoa wapi, wala lilikuwa limekaa kwake miaka mingapi, na sikumshukuru.

Spika ilikuwa kimya, babu wa kona alikuwa amenyanyua kichwa, watu wote walikuwa wakingoja.

"Piga," nikamwambia.